Debe la Mama Kwenye Mnada wa Mavuno

Kazini kwangu, kwenye mabwawa ya majitaka ya Iringa, harufu unaizoea. Macho ya watu huyazoei. Tope linalotuama chini ya mabwawa tunalianika likauke, tunalichanganya na maranda ya mbao, kisha tunalirundika mpaka lipate joto lenyewe na kufuka asubuhi za baridi. Likipoa, limekuwa mbolea, udongo mweusi usionuka kitu. Nina alama yangu moja: miche ya nyanya ikichomoza kwenye rundo, basi mbegu zilizopita matumboni mwa watu wa mjini hazijafa. Rundo halijaiva, tunalipindua upya.

Shamba la mama lilikuwa limechoka, mahindi yakiota ya njano kila mwaka. Aliponiomba mbolea hiyo, nilishangaa mimi, si yeye. Alichota kiganjani, akanusa, akasema, "Leta."

Jirani yetu, rafiki wa mama tangu ujana na mwenzake wa kwaya, aliona magunia yakishushwa, akajua yametoka wapi, na habari ikaenea usharikani. Kuanzia siku hiyo hakukanyaga kwetu wala kupokea hata boga. Mama hakulalamika, ila aliacha kuimba akipalilia. Mimi niliumia kuliko ninavyoweza kusema.

Mahindi yakakubali. Ilipofika Sikukuu ya Mavuno, mama akachagua yaliyo mazuri, akajaza debe na kulipeleka madhabahuni. Usharikani kwetu mavuno hunadiwa baada ya ibada. Kuku walinunuliwa, viazi vikagombaniwa. Mzee wa kanisa alipoinua debe la mama, watu wote wakaanza kukagua viatu vyao. Akanadi tena, hakuna aliyetaja bei, akalisogeza pembeni. Nilitaka nilibebe tuondoke zetu. Mama akanizuia kwa kiwiko, akasimama.

"Mchungaji, choo chako kinaishia kazini kwa huyu mwanangu. Cha mzee wa kanisa pia, na cha kila aliyevuta maji asubuhi hii. Nimepokea vya kwenu, nimevirudisha hapa kwa shukrani. Sasa mnanikatalia nini?"

Mchungaji ndiye aliyeanza kucheka, akataja bei. Kabla hajakaa, sauti kutoka kwenye kwaya ikataja bei kubwa zaidi. Alikuwa yule jirani yetu. Akalipia, akajitwika debe, akaondoka bila kututazama. Njia nzima ya kurudi nyumbani niliwaza kwamba amelinunua akalimwage.

Kesho yake jioni mama alikuwa uani akipepeta maharage. Jirani akaja na bakuli la makande ya mahindi ya lile debe, akasimama nje ya ua, mahali tunapomwona vizuri.

"Kamwene," akasalimia kwa Kihehe, na kuanza kula. Alitafuna polepole, kijiko kwa kijiko, mpaka bakuli likaisha.

Mama akaweka ungo chini, machozi yakimtoka waziwazi.

"Ingia," akasema. "Tangu lini wewe ukala umesimama nje ya kwangu?"