Vidonge vya Bluu kutoka Nakonde

Mama wa kitanda cha dirishani alikuwa akitema damu ya fizi kwenye kopo, kidogo kidogo, huku akitania. "Au nimekula nyama mbichi, mwanangu?"

Sikuweza kucheka. Nilikuwa mfamasia niliyemaliza chuo majuzi tu, niko mafunzoni, na wagonjwa wa warfarini walinitia hofu kuliko wote. Mama huyu, mfanyabiashara wa mchele hapa Tunduma, alikuwa amewekewa vali ya chuma moyoni, kijimlango cha kupitisha damu. Bila warfarini damu ingegandia kwenye ile vali. Ikizidi, damu inakataa kuganda kabisa. Na kipimo cha muda wa damu yake kuganda kilikuwa kimepanda mno.

"Dozi haijabadilishwa?" daktari aliniuliza.

"Haijabadilishwa," nikajibu, halafu nikaanza kujitilia shaka. Labda maabara imekosea. Labda ameacha mboga za majani, ambazo hupunguza nguvu ya dawa hii. Nikarudi kumuuliza mama kuhusu dawa za maumivu, za mafua, mizizi ya kuchemsha, hadi akachoka.

"Wewe wangekuweka pale mpakani ukague mizigo!"

Hapo ndipo nilipowaza ng'ambo. "Mama, na Zambia una dawa?"

"Zipo. Mdogo wangu ananiletea."

Mama alikuwa amekwenda msibani Nakonde, ng'ambo ya mpaka, dawa zikamwishia, zahanati ya huko ikampa vidonge vya bluu. Vyetu vilikuwa vya pinki. "Hivi vyenu ni vya moyo, navimeza asubuhi. Vile ni vya damu, vya jioni."

Dawa ilikuwa ileile, warfarini, naye alikuwa akiimeza mara mbili kwa siku. Lakini hapa kwetu sukari hununuliwa upande wenye nafuu na mchumba hutoka upande wowote. Nani angefikiri kwamba kwa vidonge mambo ni tofauti?

Nilimweleza daktari, akafungua faili la mama. "Tukiilazimisha damu kuganda ghafla, vali itaziba. Tukingoja tu, anaweza kuvuja damu kichwani."

Akasimamisha warfarini, akaandika vitamini K ya kunywa, inayosaidia damu kuganda, kiasi kidogo sana. Nikauliza kidogo ni kiasi gani. Hakukasirika. Alivuta kiti, tukapiga hesabu pamoja, tukairudia. Mimi niliirudia tena peke yangu, chooni.

Kesho yake fizi zilikuwa zimekauka. Kipimo kilishuka, kikashuka tena, kikatua pale tulipopataka. Mdogo wake alivuka mpaka akaja na vile vidonge, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mukwai, dokta," akaniita kwa heshima ya kwao, "kwa hiyo nilikuwa namuua dada yangu?"

"Ulijaribu, hukuweza," mama akasema kutoka kitandani. "Njoo ukae."

Mdogo wake akacheka huku analia, akaniwekea vidonge vya bluu mkononi.

Jioni ile daktari aliirudisha warfarini, nami nikampelekea mama kidonge kimoja cha pinki, cha siku nzima. Wageni walikuwa wameondoka. Alipomeza nikasikia mlio mdogo, mkavu, tik, tik, nikatafuta saa yake. Mkononi hakuwa na saa.

"Ni mimi huyo," akasema. "Mume wangu hulala kanigeuzia mgongo, ati nimemeza saa ya ukutani."

Nilijua vali hiyo kwa picha za darasani. Sikujua kwamba inasikika. Kila mlio ulikuwa kijidude cha chuma kikifunga mlango, na damu ikipita bila kukigandia wala kumwagika. Nilikuwa na wagonjwa wengine wa kuwapelekea dawa, lakini miguu iligoma.

"Kaa usikilize," mama akasema, akanisogezea kiti.