Prolongation ya Songo

Nilikana miaka mingi, leo nasema: mimi ndiye niliyewarudisha nyumbani akina mama wa Songo na ngoma zao.

Ilikuwa fainali ya mpira kati yetu na Kimanga, miaka ya hamsini. Mechi iliisha sare, refa akatangaza "prolongation". Mama Furaha, kiongozi wa waimbaji, akanigeukia: "Mwalimu, weye unajua Kifaransa. Anasema nini?"

Neno hilo nililijua kutoka ofisi ya vibali, ambako maana yake ni kuongeza siku za kibali. Nikajibu kwa majivuno: "Wameongeza siku. Watamalizia Jumapili."

Tukaondoka tukiimba. Nyuma yetu kaka yangu Bahati akafunga bao la ushindi, akakimbilia upande wa waimbaji, akawakuta mbuzi wakitafuna majani.

Jioni hakugusa ugali. "Kaka, refa ndiye hajui Kifaransa," nikamwambia.

Kesho yake yeye na akina mama wakanisindikiza posta. Nikampigia simu mwalimu mwenzangu wa Usumbura, nikiomba anitetee. Sauti yake ikavuma chumba kizima:

"Prolongation? Wanaongeza dakika, palepale! Muntu gani mujinga alirudia nyumbani?"