Boke hakungoja zamu

Machage Waisiko alivusha watu kwa mtumbwi katika Mto Mara, upande wa Serengeti, na alikuwa na sharti moja tu: watu wanane, basi. Wa tisa angesubiri, hata awe mwenyekiti wa kijiji.

Zamani waliovuka pale walikuwa wachache, waendao mnadani au msibani. Kisha dhahabu ikatoka ng'ambo, upande wa Nyamongo, na kufikia mwaka 1991 ukingo ule ulikuwa kama stendi. Wachimbaji na sururu zao, kina mama na ndoo za dagaa, wachuuzi wa nguo kutoka Kenya, wote waligombea mitumbwi mitatu. Wenzake walipakia mpaka maji yalambe ukingo wa mtumbwi. Machage alikataa. Wakamwita Mzee Wanane, wakacheka.

Binti yake, Boke, alikuwa akiuza maandazi machimboni. Asubuhi moja ya Aprili mto ulijaa maji mekundu yenye magogo, ingawa kwao hapakunyesha. Mvua ilikuwa imepiga huko juu, Kenya. Boke alifika na beseni kichwani, akakuta wanane wameshakaa.

"Tata, nipakie. Mimi mwepesi."

"Subiri nirudi."

"Wenzangu watakuwa wameshauza! Nirudi nayo nyumbani?"

"Boke, nikikupandisha wewe, kesho nitamkatalia nani?"

Akapiga kasia. Alipofika katikati aligeuka, akamwona binti yake akiingia mtumbwi wa Nashoni, mvushaji mwenzake, uliokuwa umejaa tayari. Alipiga kelele. Mto ulinguruma, hakuna aliyemsikia.

Alikuwa akishusha abiria wake ng'ambo pale gogo lilipougonga mtumbwi wa Nashoni ubavuni, ukapinduka. Machage alirudi mtoni na mtumbwi mtupu. Aliokoa watu watano, Nashoni akiwa mmoja wao. Kila aliyemshika, alimgeuza kwanza amwone uso. Boke hakuwamo. Walimpata siku ya tatu, mbali kule maji yanakoelekea, kwenye mafunjo.

Msibani watu walimfariji. "Ungempakia, mngezama wote." Mkewe, Bernadetha, aliendelea kumpikia na kumwekea maji ya kuoga, lakini maneno kati yao yaliisha. Machage alirudi mtoni. Familia ilipaswa kula.

Mwaka wa pili, wakipalilia mtama, Bernadetha alisimamisha jembe.

"Siku ile uligeuka kumwangalia?"

"Niligeuka."

"Na yeye alikuwa anakutazama?"

"Hapana. Alikuwa anatafuta pa kuweka miguu."

Bernadetha akakaa chini kwenye udongo, akalia kwa sauti. Machage akakaa kando yake. Tangu msiba, ilikuwa mara ya kwanza kulia pamoja.

Baada ya mavuno aliuza mtumbwi, wakahamia Nyansurura kwa kaka wa mkewe, mbali na mto. Huko alichunga ng'ombe miaka kumi na minne, na huko homa ikamchukua.

Siku ya mazishi Nashoni alifika kwa miguu, mvi kichwa kizima. Hakuna aliyemwalika. Alisimama mbele ya mjane.

"Shemeji, naomba nichimbe kaburi na wengine."

Bernadetha akamwonyesha kwa kidevu yalipokuwa makoleo.