Wivu Ulioingia Baina ya Nakala Tatu

Ipo siku moja ambayo haijanitoka moyoni, mwanangu, na nnaikumbuka leo kwa sababu umenambia umeacha kwenda kusoma na wenzako kule chuoni Al Khoudh. Umesema mchumba wako hapendi kusikia walimu wakikusifu mbele yake. Nilikuwa nikimimina kahawa ulipoyasema, ukadhani sikusikia. Nilisikia. Kaa, kahawa bado ya moto, nikusimulie yaliyonipata mimi na babu yako.

Mimi na babu yako Nassor tulioana Unguja, na wiki chache baadaye akenda Italia kusoma. Alikuwa bado huko mapinduzi yalipotokea na mambo yakaharibika kwetu. Mimi na mama yake, Bi Zuweina, tukaja huku Omani, tukakaa Matrah kwa jamaa za marehemu baba yake. Nassor akatufuata baada ya miaka, kabla ya mwaka wa sabini. Hakuwa amemaliza masomo. Mwalimu wake alimruhusu amalizie kazi yake hapa na kuipeleka kwa posta. Basi asubuhi akiwaandikia barua matajiri wa sokoni, na baada ya sala ya alasiri akirudi kwenye kile alichokipenda.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na kisa cha kale cha Kitaliana, kilichotungwa kabla ya mashine za kupiga chapa. Alichokiandika mtungaji kwa mkono wake kimepotea. Zimebakia nakala tatu, za watu watatu mbalimbali, na kila mmoja kakosea kwa namna yake. Nassor alikuwa na picha za kurasa zote. Alitakiwa azilinganishe neno kwa neno, ajue ipi imezaliwa na ipi, kisha atoe maandishi yaliyo karibu kabisa na alivyosema mtungaji.

Kazi hiyo mtu mmoja haiwezi vyema. Mmoja husoma nakala hii kwa sauti, mwengine hufuata ile kwa jicho. Bi Zuweina herufi alizozijua ni za Kiarabu tu. Mimi nilikwenda skuli Unguja. Nassor akanifunza. Na Kitaliana hakikunipa tabu kutamka, maana maneno yake huishia kwa irabu kama yetu. Mwanzo nikisoma kama kasuku, kisha nikaanza kuuliza, na babu yako alikuwa mwalimu mzuri, sikatai. Nnaweza kusema ndiyo miezi niliyomjua mume wangu.

Siku hiyo nilikuwa nnamsomea nakala ya pili, yeye anafuata ya kwanza. Akanambia, "Umeruka mstari."

"Sikuruka."

Tukatazama pamoja. Kweli mstari haukuwapo. Katika nakala ya kwanza mistari miwili imeishia kwa neno lile lile. Mwandishi wa ya pili aliinua jicho, na liliporudi likaangukia neno la chini badala ya la juu. Mamangu alikuwa akinakili tenzi, na kosa hilo nilimwona akilifanya mara nyingi. Nikamweleza Nassor, kisha nikauliza tu, "Na nakala ya tatu inao mstari huo?"

Akaivuta. Hiyo ya tatu ndiyo aliyoipenda, khati yake nzuri, herufi zake za mwanzo zimetiwa maua, na kazi yake yote kaijenga juu yake. Mstari haukuwapo. Tukatafuta kwengine, na kila palipopungua ya pili, ya tatu nayo imepungua, tena imepungua na kwengine ambako ya pili imetimia. Ikadhihiri kuwa ile nzuri imenakiliwa kutoka ya pili, haina lake ila urembo. Nyumba njema si mlango, mwanangu.

Nassor aliumia, lakini alikuwa mkweli. Akamwandikia mwalimu wake, akataja kuwa mkewe ndiye aliyeuliza. Na hapo wivu ukaingia, kwa mlango wa wema. Mwalimu akajibu kwa furaha, mwisho akasema, "Msalimie mkeo, umuulize anaionaje sehemu ya pili ya kisa." Nassor akanisomea akicheka. Jibu lililofuata nalo likauliza mkeo anasemaje. Akanisomea, hakucheka. La tatu alilikunja akalitia mfukoni, na nilipomuuliza akasema, "Hamna jipya."

Akaanza maswali. Kwa nini nnasoma wakati yeye yuko sokoni? Neno lile nimelijuaje, naye hajanifunza? Ami yake alipokuja kututembelea akasema, "Nasikia Rahma kawa mwanachuoni." Nassor akajibu upesi, "Ananishikia picha tu." Mwisho akazifungia picha sandukuni, akawa akisoma peke yake, jicho huku, jicho kule, akikosea na kuanza upya. Kinyozi hajinyoi, lakini yeye aliona bora ajikate.

Nami sijifanyi malaika. Nilikuwa na wivu wangu. Yeye kakaa katika maktaba za watu, kasikiliza wanavyuoni, na mimi miaka hiyo nimechambua mchele na kungoja. Alipolifunga lile sanduku nilihisi kama nimenyang'anywa tonge mdomoni.

Peke yake hakuweza, akaniita tena. Safari hii nikawa nnasoma tu. Nikiona kosa, nnapita. Akiniuliza, "Waonaje?" nnajibu, "Wewe ndiye ujuaye, bwana." Na kweli akatulia. Akala vizuri, akalala vizuri.

Bi Zuweina akituangalia huku akishona kofia. Asubuhi moja, Nassor alipokwisha toka, akaniita.

"Rahma, ulimi wako umepatwa na nini?"

"Hamna kitu, mama. Natafuta amani."

"Amani ya nani?"

Nikainamia vikombe nikivikusanya.

"Nisikilize," akasema, macho yake hayakuondoka kwenye sindano. "Yule nimemzaa mimi, na wivu wake naujua tokea akigombania ziwa langu na nduguye. Ukijifanya mjinga ili atulie, kesho atakutaka uwe mjinga zaidi. Mwenye wivu hashibi ujinga wa mwenzake. Na kazi yake inakwenda na makosa unayoyaona wewe. Akija kuaibika mbele ya walimu wake, utasema ulimpenda?"

Sikupika vizuri siku hiyo. Alasiri tulifika mahali ambapo nakala ya kwanza ina neno gumu, lisilojulikana, na ya pili ina neno jepesi. Nassor akaandika jepesi. Nikasema, "Bwana, mimi ningelibakisha lile gumu. Wewe mwenyewe umenifunza kuwa mwenye kunakili hulilegeza neno gumu, halifanyi jepesi kuwa gumu."

Akaiweka kalamu. "Sasa umeanza kunisahihisha?"

"Haja yangu usikosee."

"Na siku zote hizi ulikuwa huyaoni makosa?"

"Nilikuwa nikiyaona."

"Ukanyamaza."

"Ulinitaka ninyamaze."

Akatoka. Akala kwa ami yake, akalala huko. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mimi siku ile nilijua nimeupiga mimi huo mshindo. Niliogopa talaka, sikufichi. Katika nchi ambayo sina mama wala kaka, ningekwenda wapi?

Alirudi kesho yake. Akanionesha ukurasa mwengine wa nakala ya kwanza, ambapo mwandishi yule kaziunga herufi mbili kwa namna ile ile. Lile neno gumu halikuwa neno. Lilikuwa ni lile jepesi, herufi zake zimeungana tu.

"Kanuni ni ya kweli," akasema, "lakini neno gumu sharti kwanza liwe neno."

Nilikuwa nimekosea wazi. Nikacheka, sikuweza kujizuia, naye akacheka. Kisha akasema polepole, "Rahma, nilikuwa nnaogopa kwamba kila ukifungua mdomo utakuwa umepatia."

Akaniomba nimwoneshe yote niliyoyanyamazia. Tukarudi mwanzo. Mengine nilipatia mimi, mengine yeye. Kazi ikakubaliwa, baadaye ikapigwa chapa kwa jina lake, na mimi nikapata mstari mmoja wa shukrani. Nilitaka zaidi, na nilimwambia. Akasema nina haki. Wivu haukumtoka wote hadi alipokufa, Mungu amrehemu, lakini tokea siku ile akiutaja kwa jina lake, na wivu unaotajwa watu huweza kukaa nao.

Basi, mwanangu, rudi usome na wenzako. Sikwambii umwache mchumba wako. Nnakwambia usijipunguze ili yeye aonekane mkubwa. Sema unalolijua mbele yake, na ukikosea, akuone unakosea pia, maana mwenye wivu hudhani mwenzake hakosei kamwe. Umpe nafasi ya kusema, "Naogopa." Akiweza kulisema neno hilo, mvumilie. Akishindwa, bora ujue sasa, kabla ya nikaha.

Mwenyezi Mungu akupe jicho la kuona kosa na ulimi wa kulisema kwa upole. Akujaalie mwenza atakayefurahi ukipatia, na atakayecheka pamoja nawe ukikosea. Na elimu yako isiwe mwiba nyumbani mwako, iwe taa. Amin.