Benchi la Wazee na Spika Mpya

Mluzi ulianza katika sikio la kushoto, wakati wa Kwaresma. Mwanzoni nilidhani ni kitu ndani ya nyumba. Nilizima redio, nikazima friji, nikatoka hadi kwenye migomba nyuma ya jiko. Ukanifuata. Nimesaga mahindi ya watu huko Mutuka tangu ujana, na sasa mashine ni yangu, kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa ulikotoka. Niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea, na jambo nisilolielewa haliniachi nipumzike. Nikaenda hospitali.

Nilikalishwa katika chumba kidogo, nikavishwa vifaa vya kusikilizia, nikaambiwa ninyooshe mkono kila nitakaposikia mlio. Nilinyoosha mara chache kuliko nilivyotarajia. Daktari, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, aliniambia kwa upole kwamba kilichokwenda hakirudi, na kinachobaki kinatunzwa.

“Mashineni vaa vizuia kelele. Mbali na mashine, baba, ni wapi tena kuna kelele?”

“Kanisani,” nikasema, nikacheka.

Yeye hakucheka. “Unakaa karibu na spika?”

Nilikuwa nakaa karibu na spika. Mimi ni mzee wa kanisa, na katika usharika wetu benchi la wazee liko mbele, kushoto kwa madhabahu. Spika mpya zilipokuja, moja ilisimamishwa pembeni ya benchi hilo. Ni ndefu kuliko mimi. Tangu kipaimara nimefundishwa kwamba mwili ni hekalu, na fundisho hilo tumelitumia kwa pombe, sigara na uzinzi. Sijawahi kusikia likitumiwa kwa sikio, ingawa hatuna mlango mwingine wa kuingizia mahubiri.

Niliweka kwenye simu programu ya kupima sauti, ile yenye mshale unaotoka kwenye kijani kwenda kwenye nyekundu. Jumapili moja nilipima nikiwa kwenye benchi langu, iliyofuata nikapima katikati ya kanisa, na nyingine karibu na mlango. Penye benchi mshale ulilala kwenye nyekundu tangu kwaya ya vijana ilipoanza hadi walipoketi. Mlangoni ulikuwa unacheza kwenye njano.

Nilipeleka jambo hilo kwenye kikao cha wazee, nikalieleza kwa utaratibu. Mzee mwenzangu mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mcheshi kupita kiasi, akainua mkono.

“Mwenyekiti, kule mbinguni tumeahidiwa matarumbeta. Huyu mwenzetu atahamishiwa wapi?”

Walicheka wote, na mimi nikacheka. Mwakilishi wa vijana akasema tukipunguza sauti, kanisa la jirani litatufunika, kwa kuwa wao nao wameongeza. Tukafunga kwa sala. Spika haikusogezwa hata kidogo.

Jumapili iliyofuata niliziba masikio kwa pamba. Nilidhani hakuna atakayeona, nikasahau kwamba anayekaa mbele huonwa na usharika mzima. Baada ya ibada mama mmoja wa Sigino, ambaye huniletea mahindi mashineni, alinisimamisha nje.

“Shikamoo mzee. Unaumwa, au Mchungaji amekukosea?”

“Marahaba. Kwa nini?”

“Watu wanauliza. Neno linahubiriwa, mzee wetu ameziba masikio!”

Nilimweleza, akatikisa kichwa kwa huruma, lakini wiki nzima sikutulia. Niliona kila aliyeleta gunia lake ananitazama masikio. Nilijaribu kukaa upande wa pili wa benchi. Nilijaribu kuigeuzia spika sikio la kulia, nikawa kama mtu aliyemnunia mhubiri. Na bado nilipima. Siku moja tukirudi nyumbani kwa miguu, mke wangu akaniuliza swali aliloonekana kuwa nalo muda mrefu.

“Baba, leo wakati wa Baba Yetu, ulikuwa unasali au unapima?”

Nilikuwa nimefika kwenye amina macho yangu yakiwa kwenye mshale.

“Maana ukiwa kiziwi nitakuzoea,” akasema. “Nitajifunza ishara. Lakini ukiacha kusali, hapo unaniacha peke yangu.”

Niliifuta programu ile jioni hiyo. Mluzi ulibaki, na hofu pia, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli na alichosema daktari kilikuwa kweli.

Mchungaji aliniita ofisini. Ni mtu mwema, na sikutaka kumfanya adui. Alisema maneno yameanza kuzunguka. Alisema vijana amewapata kwa sababu ya muziki ule, na akiushusha watahamia kwa jirani. Akaniomba nikae mbele bila pamba, kwa ajili ya ushuhuda.

“Mchungaji,” nikasema, “sikio hili nalihitaji ili nikusikie. Nikilimaliza hapo mbele kwa ajili ya kuonekana nasikiliza, nitakuwa nimefanya nini? Naomba niondoke kwenye benchi. Nikae mlangoni, nipokee wageni.”

Aliinama, akasema jambo kwa sauti ya chini.

“Samahani, Mchungaji?”

Akarudia. Niliona midomo tu. Lori lilikuwa linapanda barabara ya Bonga na mluzi ulikuwa juu.

“Samahani sana. Sijakupata.”

“Nimesema sitaki kukupoteza, mzee!” akapaza sauti, na katibu wa usharika akafungua mlango wa ofisi kuona kama tunagombana.

Mchungaji alimwashiria aufunge. Kisha akaniangalia sikio. “Basi kaa mlangoni,” akasema, polepole, akiyatenga maneno.

Sasa nakaa huko, pamoja na akina mama wenye watoto wachanga. Mahubiri nayapata, si yote. Nafasi yangu mbele amepewa mzee mpya, mwalimu, mtu wa miaka kama arobaini, na siku aliyobarikiwa alikaa pale pale nilipokuwa nakaa, amenyooka, Biblia magotini. Kwaya ya vijana ilipoanza nilijaribu kuimba nao. Lakini macho yangu hayakutoka kwake, nikingoja kuona kama mkono wake utapanda sikioni.