Siku Bibi Aliposimama Kuliyani

Wiki iliyopita nilirudi kwenye chuo alichosoma mama yangu, kumtafutia nakala ya cheti chake, maana ile ya asili imeliwa na unyevu kabatini. Nilidhani nitaingia na kutoka. Lakini mlinzi aliponionyesha ofisi ya usajili, nikapotea kwa makusudi, nikazunguka nyuma ya maktaba kuitafuta kantini. Haipo. Pamejengwa vibanda vya kuegeshea magari, na chini pamechorwa mistari ya njano. Nikasimama pale jua likinichoma, na pua yangu, nakwambia kweli, ikasikia harufu ya sambusa.

Mimi nimelelewa nusu nyumbani kwetu Mawaleh, hapa Maskati, na nusu kwenye chuo kile. Mama alianza masomo akiwa tayari na watoto watatu. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye visima vya mafuta, wiki mbili huko jangwani, wiki mbili kwetu. Wadogo zangu walibaki na bibi, na mimi, mwenye miaka kumi, basi la skuli lilinishusha langoni kwa mama. Chuo tulikiita kuliya, kama wanavyosema Waarabu, kwa sababu kwa bibi yangu, mzaliwa wa Pemba, chuoni ni mahali mtoto anapokwenda kusoma Kurani. Majirani wakimwuliza binti yake yuko wapi, hujibu bila kucheka, "Kenda chuoni. Bado yumo juzuu ya amma, na watoto wanaoanza."

Ungeipenda kuliya ile. Mchana wasichana walijaa vibarazani na mabuibui yao, wamekumbatia mafaili, wakiulizana maswali ya mtihani kwa Kiarabu na kujibizana kwa Kiswahili wanapotaka kusengenya. Chumba cha kompyuta kilikuwa baridi kama friji. Kantini ilinukia iliki na mafuta ya moto, na chai ya maziwa ilikuja kwenye vikombe vya karatasi vinavyounguza vidole. Mama alikuwa mkubwa kuliko wenzake wote, wakimwita khala, yaani mama mdogo, na walikuja kwake kushonewa kifungo, kuombewa ruhusa kwa walimu, hata kulia. Nilikaa pembeni nikifanya hesabu zangu, najiona mwanafunzi wa kuliya kamili.

Mwalimu wake wa Kiingereza alikuwa mwanamke wa Kenya, mrefu, mwenye sauti iliyofika mpaka maegesho. Akinipita lazima aulize, "Wewe mdogo, umekula kweli ama unanidanganya?" Yeye ndiye aliyeanzisha mambo. Mwezi wa Disemba, inapokaribia siku ile dunia inapokumbuka kukomeshwa kwa utumwa, aliwaambia wanafunzi watayarishe mazungumzo ya alasiri moja ukumbini, kila mmoja achague la kusema na lugha ya kulisemea. Wengi walichagua mambo ya vitabuni, ramani na sheria. Mama akasema atazungumzia nyumbani kwao.

"Una uhakika?" mwalimu akamwuliza. "Hapa si jambo dogo hilo."

"Nna uhakika," mama akasema. "Shida ni kwamba hadithi yenyewe siijui."

Na kweli hakuijua. Nyumbani kwetu ilikuwa ikisemwa tu kwamba bibi yake bibi alikuwa "mtu wa shamba", na anayesema alishusha sauti. Mimi mwenyewe, skuli, mwenzangu mmoja aliwahi kuniuliza kabila letu. Nikamtajia la baba. Akauliza, "Na upande wa mama yako?" Nikasema sijui, na uso ukapata moto, wala sikujua kwa nini.

Mama alipomwuliza bibi, bibi aliinuka akaenda kuzima jiko ambalo halikuwa limewashwa. Siku nne hakusema kitu. Siku ya tano tulikuwa tunachagua choroko kwenye ungo, akaanza tu, kama mtu anayeendeleza mazungumzo yaliyokatika. Alitueleza habari za nyanya yake, msichana aliyechukuliwa bara akiwa hajang'oa meno yote ya utotoni, akavushwa mpaka Pemba, akakulia kwenye mikarafuu ya watu. Bibi alimdiriki. Alilala naye kitanda kimoja. Alimkumbuka vidole vyake, vyekundu kwa rangi ya ukili, maana uzeeni alisuka mikeka. Mama aliandika mpaka kalamu ikamkauka, nami nikasahau choroko mkononi.

Ijumaa mjomba alikuja kula chakula cha mchana kama kawaida yake. Aliposikia, aliweka kijiko chini.

"Dada, unajua unalolifanya? Mwanangu kaposwa. Watu wa mume wakisikia haya, tutasema nini?"

Bibi ndiye aliyejibu.

"Watasikia nini? Kuwa nyanya yangu alikuwa mtu?"

"Mama, hapa si Pemba. Hapa watu wanauliza asili."

"Basi wakiuliza waambiwe."

Mjomba aliondoka bila kunywa kahawa. Katika nyumba ya Kiomani hilo si jambo la kupita hivi hivi; kikombe chake kilibaki kwenye sinia kimefudikizwa, na hakuna aliyethubutu kukiondoa. Mama alimwambia bibi kwamba ataacha, atazungumzia jambo jingine. Nilimwona machozi yakimlenga. Bibi akasema, "Nifulie lile buibui langu jipya. Mimi nakwenda."

Siku yenyewe tulikaa mstari wa mbele, bibi na mimi. Alikuwa amejifukiza udi mpaka safu nzima ikanukia. Wanafunzi walipanda mmoja mmoja, wakasema vizuri, wakapigiwa makofi ya adabu. Zamu ya mama ikafika. Karatasi ikawa inalia kwenye kipaza sauti. Alisoma kwa Kiarabu habari za mtoto aliyechukuliwa, na za mikarafuu, na ukumbi ukaanza kutulia. Kisha akasoma, "Na utumwa ulipokomeshwa, akaachiwa huru."

"Siyo," bibi akasema.

Alisema kwa Kiswahili, wala hakupaza sauti, lakini tulikuwa mbele na kila mtu alisikia. Mama akasita. Nilitamani kujificha chini ya kiti.

"Siyo hivyo, mwanangu. Hakuachiwa. Hebu njoo unishike nisimame."

Mama akashuka, akamshika. Mwalimu akaleta kipaza sauti, hakuuliza chochote. Bibi alizungumza Kiswahili chake cha Pemba, na mama akafasiri sentensi kwa sentensi.

"Sharia ilitoka, ndiyo," bibi alisema. "Lakini ilikuwa lazima uende mwenyewe kortini ukaseme, nnataka kuwa huru. Asiyekwenda alibaki palepale. Na anayekwenda aliambiwa, basi kibanda unakiacha, na kishamba chako unakiacha. Nyanya yangu alikuwa na mihogo yake, imeshapea, imebakia kung'olewa tu. Akaiacha. Akambeba mwanawe wa kwanza mgongoni, akatembea siku mbili mpaka Chake. Hakimu akamwuliza, 'Ukitoka hapa utakaa wapi?' Akamwambia, 'Pale ntakapopachagua mimi.'"

Mama aliianza mara mbili sentensi ile, akaifasiri mpaka mwisho.

"Karatasi alipewa kortini," bibi akamalizia. "Lakini uhuru aliondoka nao shambani. Msiseme aliachiwa. Yeye alikwenda."

Watu wakapiga makofi, na safari hii hayakuwa ya adabu. Mwalimu alikuwa akijifuta macho kwa kiganja. Na mimi, niliyekuwa nikitafuta pa kujificha muda mfupi tu uliopita, nikasogea karibu na bibi kabisa, nikaushika ukingo wa buibui lake, ili kila mtu aone mimi ni wa nani.

Baadaye kantini, bibi akinywa chai na kulalamika kwamba haina tangawizi, alikuja mwanafunzi mmoja wa kiume, kanzu nyeupe, kofia iliyotariziwa kwa uzuri. Akambusu bibi kichwani. Akasema kwa Kiswahili kilichovunjika kwamba kwao pia ni hivyo hivyo, lakini hakuna anayesema.

"Nyanya yako yu hai?" bibi akamwuliza.

"Yu hai."

"Basi usinitazame miye. Nenda kamuulize, angali anakumbuka."

Mjomba hakukanyaga kwetu mpaka Idi. Alikuja na haluwa, akaketi, akala, akanywa kahawa vikombe vitatu, wala hakusema neno juu ya jambo lile. Posa haikuvunjika. Mke wake ndiye aliyetueleza kwamba mama wa bwana harusi alipoona wamejaa wasiwasi, alicheka akasema, "Maskati hii nani asiyejua? Sisi tulikuwa tunangoja mseme wenyewe." Harusi ikafanywa, na bibi alicheza mpaka magoti yakamkatalia. Mwaka uliofuata mama alimaliza masomo. Alipoitwa jina, wale wasichana waliomwita khala walipiga vigelegele, na bibi akawashinda wote.

Sasa bibi hayupo. Mwalimu alirudi kwao Kenya. Soko la matunda la Mawaleh, lililokuwa likitujazia nyumba harufu ya maembe na giligilani kila asubuhi, limehamishwa. Wale wanafunzi ni akina mama wenye wajukuu, wengine nakutana nao hospitali na hatutambuani. Vyote hivyo navililia, sikufichi. Lakini kuna kimoja kilichotoweka ambacho sikililii, nacho ni ule mnong'ono wa nyumbani kwetu.

Mwezi uliopita binti yangu alipewa skuli kazi ya kuchora ukoo wake. Alilala kifudifudi sebuleni na kalamu zake za rangi, akaandika majina ya upande wa baba yake, kisha ya upande wangu, akapanda juu, na juu zaidi. Kwenye kisanduku cha mwisho akaandika kwa Kiarabu, kwa herufi kubwa kuliko nyingine zote: alikwenda mwenyewe. Hakuniuliza kama inafaa. Akapaka rangi, akaniomba gundi, akaenda kuibandika mlangoni ambapo kila mgeni anaingilia.