Kibali cha Kobe wa Mama

Marehemu baba alikuwa fundi wa reli hapa Kindu. Siku moja alirudi kutoka safarini na kobe ndani ya kikapu, akampaka alama mgongoni kwa rangi nyeupe ya mabehewa, akamkabidhi mama. Baba alipofariki, mama alibaki na yule kobe. Kila asubuhi alimpelekea maganda ya papai na kuongea naye mambo ambayo sisi watoto wake hatukuambiwa.

Kisha redio ikatangaza kwamba anayefuga kobe, nyoka, kinyonga au hata chura lazima awe na kibali cha Serikali. Mtaa mzima ulicheka. Jirani yetu mwenye kobe wawili alipunguza sauti ya redio, akaendelea kula. Ni mama peke yake aliyevaa nguo za kanisani akaenda kujiandikisha, kwa sababu baba alimwachia imani kwamba karatasi yenye muhuri inalinda nyumba. Na mimi, mjinga niliyesoma, ndiye niliyemjazia fomu.

Karani tuliyemkuta alikuwa na beji ya Chama iliyomzidi akili. Alitaka picha mbili za mnyama, uso uonekane vizuri, kama za kitambulisho. Mpiga picha alichuchumaa uani kwetu asubuhi nzima. Kobe alituona, akaficha kichwa, na hakukitoa tena. Tukarudi ofisini na kobe wetu pamoja na picha mbili za gamba.

"Uso iko wapi?" karani akauliza.

"Iko ndani," mama akamjibu.

"Basi nyama atabaki hapa mpaka atatoa kichwa. Usiogope, mama. Kibali utapata."

Alikipata kweli, baada ya majuma matatu, kina mihuri miwili na sahihi ndefu. Kobe hakuwepo.

"Alihamishwa," karani akasema, akigonga ile karatasi kwa kidole. "Kibali si njo hii? Unataka nini tena?"

Nawadharau watu wale mpaka leo. Mwizi wa kawaida namwelewa, maana hakuombi picha mbili kabla ya kukuibia.

Wakati huo wanawake wa mtaa waliitwa kila Jumamosi kucheza ngoma za Chama katika ua wa mkubwa mmoja, wamevaa sura ya Rais kifuani na makalioni. Mama alizichukia ngoma zile, na kila mara goti lilimuuma. Safari moja walimtishia, akaenda. Jumamosi iliyofuata aliamka kabla yetu sote, akajifunga kitenge cha Chama bila kuitwa na mtu, na iliyofuata vilevile. Majirani wakasema mjane ameipenda siasa. Yule mkubwa akamsifu mbele ya watu kuwa mfano kwa akina mama wote wa Kindu.

Niliona aibu kupita barabarani. Asubuhi moja nilimzuia mlangoni.

"Mama, goti limepona?" nilimuuliza, na sauti yangu ilikuwa ile ile niliyoiweka kwa ajili ya karani.

Hakukasirika.

"Iko kule, kwa ua ya mukubwa," akasema. "Rangi ya baba yako ingali kwa mugongo."

Akafungua pindo la kitenge ili alikaze upya. Ndani yake mlikuwa na maganda ya papai.